Santa Rosa au Windsor? Nilivyompatia baba mdogo bia chachu ya kueleweka

Ukiuliza watu wa huku Kaskazini mwa California wapi pa kunywa bia chachu za kiwanda cha Russian River, utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Nenda Santa Rosa, ndiko kwenyewe." La pili: "Nenda Windsor, kuna paking." Basi. Hakuna anayekuuliza unakwenda siku gani, unakwenda na nani, wala kama unataka bia chungu au bia chachu, wakati hilo ndilo swali lenyewe. Nimepewa ushauri huo na watu wenye digrii zao, nikaufuata, ukanitesa, ndiyo maana naandika.

Mwenzenu nilikuwa na mgeni. Baba mdogo alitoka Kibosho kuja kututembelea hapa Richmond, na tangu wiki ya kwanza alikuwa analalamika kuhusu bia. Bia za dukani akaziita maji ya kuoshea glasi. Nikampa bia ya IPA, aina ile ya chungu, ya hapa jirani, akaonja, akaweka chini, akasema, "Mwanangu, hii ni chungu kama mwarobaini, na mimi siumwi malaria." Sasa huyu ni mzee aliyekulia kwenye mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi. Anajua ndizi inavyochemshwa mpaka inabadilika rangi, anajua mso, ule uji wa ulezi, anajua msesewe, lile gome chungu la mti, ukizidi kidogo pombe inaharibika. Ulimi wake unataka uchachu, na uchachu wenye mpangilio. Nikajiambia dawa yake ni bia chachu za Russian River, zile zinazolazwa kwenye mapipa ya mbao.

Kwa asiyewajua hawa jamaa: kiwanda kilianzishwa mwaka 1997 na Korbel, wale watengenezaji wa mvinyo wa mapovu kule Guerneville. Korbel walipoamua kuachana na bia, mpishi wao Vinnie Cilurzo na mkewe Natalie wakaichukua, na mwaka 2004 wakafungua baa yao Fourth Street, katikati ya Santa Rosa. Windsor ilikuja Oktoba 2018: kiwanda kikubwa, mgahawa, bustani ya kunywea, na njia ya wageni kuangalia mitambo. Dunia nzima inawajua kwa Pliny the Elder, ambayo ni chungu. Lakini wana ukoo mwingine kabisa wa bia, zile zenye majina yanayofanana na ibada: Temptation, Supplication, Consecration, Beatification. Hizo ndizo chachu. Temptation hulazwa kwenye mapipa yaliyokuwa na mvinyo wa Chardonnay, Supplication kwenye ya Pinot Noir pamoja na cheri kali, Consecration kwenye ya Cabernet Sauvignon na zabibu nyeusi ndogo ziitwazo kuranti. Ndani ya mapipa wanaachia hamira ya Brettanomyces na bakteria wa kuchachusha wafanye kazi yao, miezi na miezi.

Basi, ushauri wa kwanza niliopewa. Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi, mtu mzima, mwenye kofia za viwanda vya bia kuliko nguo, akaniambia: "Mpeleke mzee Santa Rosa Jumamosi, mfike mchana, pana raha yake." Hakuniambia ni Jumamosi ya wiki gani. Ilikuwa mwishoni mwa Machi.

Wanaojua wameshaanza kucheka. Mwishoni mwa Machi ndipo wanapotoa Pliny the Younger, bia ya IPA mara tatu (kali kuliko IPA ya kawaida), kwa wiki mbili tu kwa mwaka, na watu hupanda ndege kuja kuinywa. Tulivuka daraja la San Rafael tukiwa na furaha, tukashika barabara ya 101 kwenda kaskazini, mke wangu akiendesha kwa sababu yeye hanywi (kama huna mke wa namna hii, tafuta rafiki wa namna hii). Tukafika Fourth Street. Foleni! Ilianzia mlangoni, ikapita duka la jirani, ikakunja kona. Watu wamekuja na viti vya kukunja. Kuna mmoja alikuwa na blanketi na thermosi ya kahawa. Baba mdogo akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, wanasubiri bia. Akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza tena, taratibu, kama mtu anayempa mtoto nafasi ya kurekebisha jibu: "Wanasubiri nini?"

Tulisimama kwa muda kwa heshima ya safari. Mzee akaanza kuhesabu wanaotoka dhidi ya wanaoingia, akanifanyia hesabu papo hapo kwamba tutaingia usiku. Alikuwa sahihi, maana kijana aliyekuwa mbele yetu alisema hivyo hivyo. Na kilichoniuma zaidi: watu wote wale walikuwa wanasubiri bia chungu, sisi tulitaka chachu ambayo hakuna aliyekuwa anaigombea, lakini mlango ni mmoja. Nikampigia yule jamaa wa kofia. Akasema, "Aa, kweli, ni wiki za Younger." Akakata simu akicheka. Tulikula tacos, tukarudi nyumbani. Windsor nako wiki hizo ni hivyo hivyo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukikimbilia kule utapona.

Baada ya hapo nikaacha kuuliza watu, nikaanza kuuliza baa yenyewe. Na hapa nina mbinu ambayo najivunia. Ukipiga simu ukauliza "Mna bia chachu?", utajibiwa ndiyo, na jibu hilo ni la bure. Uliza hivi: leo chachu zipi ziko kwenye bomba, na zipi ziko kwenye chupa tu? Uliza Santa Rosa, kisha uliza Windsor, asubuhi ile ile. Bia hizi hukaa kwenye pipa mpaka zikomae, haziamriwi na kalenda, kwa hiyo ubao wa leo si ubao wa wiki ijayo, na ubao wa huku unaweza kutofautiana na wa kule. Siku niliyopiga, Windsor walikuwa na tatu za bomba nilizozitaka na Santa Rosa walikuwa na pungufu. Uamuzi ukawa umekwisha, bila mjadala wa wapi ndiko kwenyewe. Ilikuwa Jumanne. Siku za katikati ya wiki mhudumu ana muda wa kukusikiliza. Jumamosi atakusukumia Pliny akuondoe kaunta.

Windsor kwa mtu mwenye mzee ni rahisi: hakuna kuzunguka kutafuta maegesho, viti vipo, bustani ipo, na kelele haziumizi masikio. Ila mimi sikupendezwa na ukubwa wake. Nilipendezwa na kitu kimoja ambacho Santa Rosa huwezi kukiona: koelschip. Ni beseni pana la chuma lenye kina kifupi. Wanachemsha maji ya shayiri na hopsi (maua yanayotia bia uchungu), wanayamwaga humo yakiwa ya moto, wanayaacha yapoe usiku wa baridi, na hamira za porini zinazoelea hewani zinaingia zenyewe. Ni mtindo wa Wabelgiji, na ndiyo mwanzo wa bia kama Beatification, isiyotiwa hamira ya kununua. Lipia ziara ya kuongozwa, na uiweke nafasi mapema.

Baba mdogo alipotafsiriwa hilo beseni alisimama kabisa. "Wanaacha wazi?" Wanaacha wazi. "Usiku?" Usiku. Akageukia mke wangu, si mimi, akasema: "Mama yangu alinichapa kwa kuacha mtungi wazi." Kisha akataka kujua nani analinda inzi wasiingie. Swali zuri, kijana wa ziara alicheka na kujibu vizuri tu, lakini mzee hakuridhika.

Tulipokaa, mhudumu akaleta glasi ndogo ndogo kwenye trei. Mzee hakugusa. Kwetu anayeleta pombe huonja kwanza, mbele yako, ndipo unapokea. Akaniambia kwa Kichaga nimweleze huyo binti aonje. Nikamweleza baba mdogo kwamba huku akionja kazini atafukuzwa. Tukakubaliana nionje mimi kwa niaba ya kiwanda, nikaonja, nikampa kwa mikono miwili.

Sasa mpangilio wa kuonja. Watu huagiza trei yenye kila kitu halafu wanaanza kushoto kwenda kulia. Usifanye. Bia za hopsi zikikutangulia, ulimi unakufa ganzi na chachu zote zinakuwa siki. Mimi niliomba chachu peke yake, nikazipanga: Temptation kwanza, nyepesi, rangi ya dhahabu, halafu Supplication, Consecration mwisho, kwa sababu ina asilimia 10 ya kilevi na baada yake huonji tena, unakunywa tu. Na usizinywe zikiwa baridi sana. Shika glasi ya Consecration kwenye viganja, ongea habari za nyumbani kidogo, ndipo unywe. Ikiwa baridi unapata ukali tu. Ikipata joto kidogo, mvinyo na mbao za pipa vinatoka.

Temptation baba mdogo aliipitisha bila neno. Kwenye Supplication alinyamaza. Akarudia. Akaifuta midomo, akauliza, "Hii wameilaza siku ngapi?" Nikamwambia karibu mwaka. Hakuamini. Mbege ikifika siku ya tatu wenye nyumba wanaanza kuangaliana. Hawa wanasubiri mwaka na wanauza ghali! Akanitaka nimuulize yule binti mwenyewe, akathibitisha, miezi kama kumi na miwili na cheri ndani. Mzee akasema, "Basi hawa wana subira, au hawana wateja." Lakini glasi aliimaliza, na alipomaliza akaisogeza ya kwangu upande wake bila kuomba. Consecration aliipenda lakini akasema hiyo ni ya kuozesha mtoto, si ya kunywa Jumanne.

Kuhusu chakula, piza inatosha, na chochote chenye jibini la kutosha kinapunguza ule ukali kooni. Gharama? Kwa watu watatu, wawili wakinywa, na piza, na ziara, si pesa ya kukufilisi ila utaisikia. Chupa ndogo za chachu za kubeba, zile zenye kizibo cha gome la mti na waya, bei ya moja inakaribia mlo wa mchana. Tulichukua chache. Mzee alirudi nazo Moshi zimefungwa kwenye soksi na shuka la Kimasai ndani ya begi la kupakia, zikafika salama. Kwenye begi la mkononi wangemnyang'anya.

Sasa msidhani naidharau Santa Rosa. Nikiwa peke yangu naenda Santa Rosa, tena mara nyingi kuliko Windsor, na sababu haihusiani na ukongwe wake. Ni treni. Unapanda kivuko San Francisco hadi Larkspur, unatembea mpaka stesheni ya treni iitwayo SMART, unashuka Santa Rosa mjini, unapita chini ya barabara ya 101, na kwa mwendo wa kawaida kama robo saa uko kaunta. Hakuna gari, hakuna wa kumbembeleza akuendeshe. Stesheni ya Windsor nayo ilifunguliwa mwaka 2025, lakini kutoka hapo hadi kiwandani ni mbali kwa miguu, utahitaji teksi kwenda na kurudi, na mtu aliyekunywa Consecration hafai kutembea kando ya barabara za magari ya kasi. Kaa kaunta, si mezani. Ukiwa peke yako na baa haijajaa, mhudumu wa kaunta atakumiminia tone la kuonja kabla hujalipia glasi nzima, na atakuambia ukweli kama pipa limefika mwisho.

Kitu kimoja tu: SMART si treni ya kila dakika kumi, na ya mwisho ya kurudi Larkspur huondoka mapema kuliko mnywaji anavyofikiri, halafu kivuko nacho kina saa zake. Angalia ratiba zote mbili kabla hujaagiza glasi ya pili, na wikiendi ziangalie tena.