Kizidishi cha Dar hakipimi shamba la Dodoma

Mstari wa mita 800 uliopimwa kwa totali stesheni (chombo cha kupima pembe na umbali kwa mwanga) hapa Dodoma, ukiupeleka kwenye gridi ya UTM, ile ya ramani inayoigawa dunia katika kanda, unarefuka kwa sentimita 46 hivi. Mstari wa urefu huohuo ukiupima Kigamboni, unafupika kwa sentimita 31 hivi. Ardhi haijavutwa wala kubanwa popote. Kilichobadilika ni mahali ulipokiweka chombo, na programu ya kuchakata vipimo isipoambiwa mahali hapo itakupa jibu safi, lenye desimali tatu, na lisilo la kweli.

Nimeanza na namba hizo kwa sababu tangu kazi zianze kuhamia huku, mafaili nayo yamehama pamoja na watu. Kijana akipata mradi mpya ananakili mradi wa zamani, anabadili jina la mteja na tarehe, anaanza kazi. Ile 0.9996 ya Dar, kizidishi cha skeli kinachogeuza umbali uliopimwa kuwa umbali wa gridi, inabaki ndani. Kule inakaa vizuri kabisa: jiji liko jirani na longitudo 39, mstari wa katikati wa kanda ya 37, na mwinuko kutoka usawa wa bahari ni mdogo. Dodoma iko kanda ya 36, ambayo katikati yake ni longitudo 33. Mji uko kwenye 35.75 hivi, umeegemea ukingo wa kanda, na huko ukingoni kizidishi cha skeli kimeshapanda hadi 1.00075.

Kisha kuna mwinuko. Tuko kama mita 1,120 juu ya bahari, kwa hiyo umbali uliopimwa huku juu lazima ushushwe kwanza hadi kwenye elipsoidi, umbo laini la kihesabu linalowakilisha dunia. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya mwinuko kwa nusukipenyo cha dunia, mita 6,371,000, utapata milimita 176 za kutoa katika kila kilomita. Viunganishe viwili hivyo, unapata kizidishi cha jumla cha 1.00057. Aliyekuja na 0.9996 yake anakosea kwa sentimita 97 kwa kilomita.

Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 huwezi kuiona tofauti hiyo, na ndiyo maana inaishi muda mrefu. Inajitokeza siku unapofunga travesi ndefu, yaani mfululizo wa mistari iliyoungana, kati ya alama mbili za serikali. Hapo watu huanza kulaumu pembe, au kusema jiwe limesogezwa na trekta. Inajitokeza pia kwenye mashamba: hekta 100 za ardhini Dodoma zinasomeka kwenye gridi zikiwa na ziada ya mita za mraba 1,150 hivi. Mkulima anayelipia kwa hekta ana haki ya kuambiwa eneo lake limekokotolewa juu ya uso gani.

Jambo jingine kuhusu Dodoma ambalo Dar halimsumbui mtu: kizidishi chenyewe hakitulii. Ukisogea kilomita 10 kuelekea mashariki, kinapanda kwa milimita 75 hivi kwa kilomita. Kwa hiyo hata kuwa na "kizidishi cha Dodoma" kimoja, kilichobandikwa ukutani ofisini, hakutoshi kwa kazi inayotoka Nala hadi Ihumwa. Programu ninayoiandika kwa ajili ya ofisi yetu, kwa Python, inakokotoa kizidishi cha kila mstari peke yake, kwenye ncha zote mbili na katikati, kisha inachukua wastani unaoipa katikati uzito mara nne. Kompyuta haichoki, kwa hiyo sioni sababu ya kuipunguzia kazi hiyo.

Sasa hewa. Hapa ndipo ninapoona uzembe mwingi, na ndipo ninapong'ang'ana zaidi na wenzangu. Mwanga wa chombo unasafiri haraka zaidi kwenye hewa nyepesi, hivyo chombo kilichowekewa mgandamizo wa pwani kitasoma umbali mfupi kuliko ulivyo. Mchana wa nyuzijoto 30 hapa Dodoma, mgandamizo halisi ni kama hektopaskali 886. Chombo kikiachwa kwenye 1013 na joto la kiwandani, unapoteza karibu milimita 50 kwa kilomita. Wapo wanaojitahidi: wanafungua simu, wanasoma mgandamizo kwenye utabiri wa hali ya hewa, wanauingiza. Simu inawaambia 1015. Namba hiyo imeshashushwa hadi usawa wa bahari ili wataalamu wa hali ya hewa waweze kulinganisha miji. Si mgandamizo wa pale ulipo. Kwa hiyo programu yangu inauliza mwinuko wa kituo, na mgandamizo ulioingizwa ukipishana mno na mwinuko huo, inakataa kuendelea hadi mtu athibitishe. Wenzangu walilalamika mwanzoni. Nimeiacha ikatae.

Mzee aliyenifundisha kazi hii, enzi za daftari la fildi na kikokotoo, alikuwa hakubali kufuta kitu. "Binti yangu, kata kwa mstari mmoja, namba ya zamani ionekane." Utaratibu huo ndio nilioujengea programu nzima. Kinachohifadhiwa ni kipimo ghafi: umbali wa mteremko, pembe wima, urefu wa chombo na wa prizimu (kioo kinachorudisha mwanga wa chombo), thabiti ya prizimu, joto, mgandamizo. Masahihisho hayaandikwi juu yake kamwe. Yanakokotolewa upya kila unapoomba jibu, kwa mpangilio uleule: prizimu na hewa, kisha mteremko kwenda mlalo pamoja na mpindo wa dunia na wa mwanga, kisha kushuka kwenye elipsoidi, mwisho gridi.

Naona hili ndilo la msingi kuliko fomula zote, maana fomula ziko vitabuni. Kosa baya ni sahihisho sahihi lililofanywa mara mbili. Totali stesheni ina menyu ya skeli, kidaftari cha GPS kina yake, programu ya ofisini ina yake. Mmoja akiweka kizidishi kwenye chombo asubuhi na mwingine akakiweka ofisini jioni, hakuna onyo lolote, kwa sababu kila kimoja kimefanya wajibu wake. Kwa hiyo katika programu yetu kila umbali una lebo: ghafi, mlalo, elipsoidi au gridi. Umbali usio na lebo haupokelewi, hata ukiletwa na mkubwa wa kazi. Na chomboni skeli inabaki 1.0000, daima.

Koodineti zenyewe nazo zina mambo yake. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960, datamu (mfumo wa rejea wa koodineti) iliyozaliwa na safu ya pembetatu za longitudo 30 iliyoanzia kusini mwa Afrika na kukamilika mwaka 1954, juu ya elipsoidi ya Clarke 1880. Ukichukua koodineti hizo ukazitafuta kwa GPS kana kwamba ni WGS84, datamu ya GPS, utasimama karibu mita 300 kutoka kwenye bikoni. Kosa kubwa namna hiyo ni salama, kwa kuwa litakushtua. La hatari ni dogo. Kutoka Arc 1960 kwenda WGS84 kuna vigezo vya kuhamishia, kwa mita: vya wastani wa Kenya na Tanzania kwa pamoja (-160, -6, -302) na vya Tanzania peke yake (-175, -23, -303). Hapa Dodoma vinapishana mlalo kwa mita 6 hivi, na programu za ramani zinaweza kujichagulia bila kukuuliza. Vyote viwili ni vya kutengenezea ramani. Kwa mpaka wa mtu, nenda ukasimamishe GPS juu ya alama za zamani zilizo jirani, utafute mpishano wa mahali hapo, uuandike kwenye ripoti.

Mwinuko wa GPS nao unapimwa kutoka kwenye elipsoidi, na kwetu unapishana na usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 10. Kwa umbali ni milimita chache kwa kilomita. Kwa mtaro wa maji ni balaa, lakini hilo linahitaji makala yake.

Longitudo 36 inapita kilomita 28 hivi tu mashariki ya mji. Ukienda kupima Kongwa umeshaingia kanda ya 37, na kazi za njiani zinakatwa na mstari huo. Sikuiruhusu programu ibadili kanda kimyakimya. Shamba likikatwa linachakatwa lote katika kanda moja, ile yenye sehemu yake kubwa, na namba ya kanda pamoja na datamu vinachapishwa juu ya kila ukurasa wa orodha ya koodineti, hata ukurasa wenye nukta moja.