Vifaranga na mama yao kwenye baridi ya Lubumbashi

Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Lubumbashi hauna huruma kwa vifaranga. Mama wa kawaida mwachie 8 hadi 10. Wakizidi, wa pembeni wanabaki nje ya mbawa na asubuhi unawakuta wamekakamaa. Tandika maranda makavu, sentimeta 5 au zaidi. Maji yawe kwenye kisahani chenye vijiwe, maana kifaranga akilowa manyoya hayamkingi tena. Ziba upepo wa chini, lakini acha tundu juu: harufu kali ya mavi inaharibu mapafu. Mbabula ya makala (jiko la makaa) ndani ya banda? Hapana kabisa! Hewa yake ya sumu haionekani, na inaua mama pamoja na watoto. Wafungulie jua likishapasha udongo.