Siku yangu dikoni: mizani, pweza na simu ya Vanga

Watu wakiniona na mizani dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, hudhani mimi ni wa ushuru. Wengine husema naandika majina ya wavuvi niyapeleke mahali. Sivyo. Napima samaki wanaoshushwa: aina, urefu, uzito, chombo kilichowaleta, zana iliyowavua, saa walizokaa baharini. Niko wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga. Ng'ambo ya mpaka kuna Vanga, Kenya, na huko yuko mwenzangu anayefanya kazi hiihii. Hapa nasimulia siku ya jana, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida.

Saa 11 alfajiri. Nimeamka, nimeswali, nimekunywa chai ya rangi. Kabla ya kutoka naweka jiwe la kilo moja juu ya mizani. Ikisoma gramu 980, nailaza chini na kuirekebisha hata kama nimechelewa, kwa sababu mizani ikidanganya asubuhi itadanganya siku nzima.

Saa 12 na nusu hadi saa 3. Ngalawa za usiku zimerudi. Vyombo sita, changu, tasi, chewa wawili, kolekole mmoja. Nimepima wote, kila mtu akaenda zake.

Saa 4. Maji yametoka mpaka mwisho. Pwani yetu siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji huondoka mita tatu na zaidi, mwamba ukabaki wazi. Wanawake walishaondoka na vijiti vyao vya chuma na ndoo, wanatembea mwamba mzima wakichungulia kila shimo. Anayemjua pweza humjua kwa maganda ya kaa aliyoyatupa mlangoni kwake. Mimi nabaki mchangani, nachora mistari ya fomu, nasubiri.

Saa 6 na nusu ndipo siku ilipoanza kunichosha. Wanawake wamefika, ndoo zimejaa, na mchuuzi amefika kabla yao na sanduku lake la barafu. Ana haraka, gari linamsubiri barabarani. Nikamwomba anipe muda nipime kabla hajamimina. Akasema, "Dada, wewe unapima, unanipa nini? Barafu inayeyuka." Nikamwambia, "Kaka, nipe nusu saa tu." Hakunipa hata dakika tano. Alianza kuchukua pweza kwa mikono miwili na kuwatupa sandukuni, na kila aliyetupwa ni namba iliyopotea.

Shangazi mmoja, mwanamke wa siku nyingi kwenye mwamba ule, alikalia ndoo yake. Alikalia kabisa, kanga ikalowa. Akamwambia, "Huyu mtoto akimaliza ndipo utapata wangu." Wenzake wawili wakafuata. Mchuuzi akalalamika, akapiga simu, akazunguka sanduku lake, mwisho akakaa kivulini. Nikapima nikitetemeka, maana nilijua kila pweza ninayemgeuza anawachelewesha wenye ndoo kupata pesa zao.

Kupima pweza kuna utaratibu. Namlaza chali, napima kichwa kwa tepu, kisha uzito. Halafu nahesabu minyiri, yaani mikono yake, ya upande wa kulia mpaka wa tatu, naufuata kwa kidole hadi nchani. Ncha ikiwa imejaa vikombe vya kunatia mpaka mwisho, ni jike. Ikiwa ncha haina vikombe na ina kijifereji pembeni, ni dume. Ute unaganda vidoleni, mchanga unaingia kwenye ute, na kalamu haishikiki. Nilipima thelathini na mmoja hivyo, jua likiwa utosini.

Kati yao wanne hawakufika nusu kilo. Mmoja alikuwa na gramu 380. Sheria ya Tanzania inakataza pweza aliye chini ya gramu 500, na aliyemleta alikuwa bibi anayelea wajukuu. Nilimwandika kama alivyo, gramu 380, sikusema neno. Wapo wanaonilaumu kwa hilo. Lakini siku nitakayoanza kugomba, wadogo watafichwa chini ya mwani, na fomu yangu itaonyesha mwamba wenye afya ambao haupo.

Nilikula saa 8 au karibu na saa 9, sikumbuki vizuri. Mgongo uliuma.

Jioni nilizungumza na mwenzangu wa Vanga. Tuna mazoea ya kulinganisha karatasi zetu kila mwisho wa bamvua, na jana ilituchukua zaidi ya saa nzima na vocha mbili. Kwenye orodha yake kulikuwa na tafi wengi, kwenye yangu hakuna hata mmoja. Kwangu kulikuwa na tasi wengi, kwake hakuna. Mtu wa ofisini akiziunganisha karatasi hizi ataona samaki wawili, mmoja anaishia mpakani na mwingine anaanzia hapo. Ni samaki mmoja! Sisi twamwita tasi, wao tafi. Chewa wetu ni tewa wao. Tukashuka mstari kwa mstari, yeye anasoma, mimi naandika jina la kisayansi pembeni.

Kisha tukafika kwa pweza na hapo tukakwama kweli. Wa kwake walionekana wepesi kuliko wangu kwa urefu uleule wa kichwa. Tulidhani mizani yake imeharibika. Kumbe kwao wanawake huwatumbua hukohuko mwambani, mimi nawapima wazima. Mwaka mzima tumekuwa tukilinganisha vitu viwili tofauti. Niliumia nilipogundua hivyo, na yeye pia alinyamaza kidogo kwenye simu. Tumekubaliana kuanzia sasa kila pweza aandikwe mzima au ametumbuliwa.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu pweza hajui mpaka. Jike hukaa shimoni akilinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Vitoto huelea na maji wiki kadhaa kabla ya kutua, na mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, kusi ikivuma ndiyo hukaza zaidi. Jike akiuawa mapema huku, huenda shimo likabaki tupu kule. Nchi kumi za ukanda huu zimo kwenye Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari na pwani, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika 1996. Nauheshimu mkataba ule. Ila mkataba hauwezi kumgeuza pweza na kumtazama mnyiri wa tatu. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesimama mchangani, na karatasi yake isipofanana na ya jirani, wataalamu mezani hawana cha kushika.

Kijijini kwetu sasa tunazungumzia kuufunga mwamba kwa miezi michache pweza wakue. Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004, na Kisiwa Panza kule Pemba nao wamefanya. Wanawake wetu wanauliza, mkifunga tutakula nini? Ni swali la haki. Nataka nikisimama mbele yao niwe na namba za kweli, za huku na za Vanga, zilizopimwa namna moja.

Usiku nilikuwa nimeshalala simu ikalia. Mwenzangu alinitumia picha ya samaki juu ya ubao wake wa kupimia, rula pembeni, akauliza: "Na huyu nyinyi mwamwitaje?" Nikawasha taa, nikafungua daftari.