Vigingi Vyangu Vilipotembea Karibu na Hekla

Mchanga wa Hekla, volkano ya Iceland, ukishaingia mdomoni utautafuna mpaka usiku. Wiki ya kwanza ya kazi ya nje niliudharau, nikafunga leso usoni nikaendelea kuhesabu majani. Jioni fomu zangu zilikuwa nyeusi, kishikwambi kimegoma, na mkulima mwenye ardhi ananitazama kutoka kwenye trekta lake kama anavyomtazama mwanakondoo aliyepotezana na mama yake.

Nilikuja Iceland kusoma urejeshaji wa ardhi iliyoharibika. Ndugu na marafiki wakinipigia simu huuliza habari za barafu na zile taa za kijani angani. Nikiwaambia nashinda jangwani wanacheka. Lakini ni jangwa kweli, na mvua inanyesha juu yake! Walowezi walipoingia hapa miaka ya 870, misitu ya mbetula, mti wa nchi za baridi, ilifunika labda robo ya nchi, wengine wanasema zaidi. Leo misitu hiyo ya asili haifiki hata asilimia mbili. Miti ilikatwa kwa kuni na makaa, kondoo wakala machipukizi, halafu baridi na majivu ya volkano yakamalizia. Udongo wenyewe umetokana na majivu hayo: unanyonya maji kama sifongo, ila haushikamani kama mfinyanzi. Ngozi ya mimea ikichanika mahali pamoja tu, upepo unaingiza kidole hapo na hauachi. Serikali ilianzisha idara ya kupambana na mchanga mwaka 1907, na kazi hiyo haijakoma. Mwaka 2024 idara hiyo iliunganishwa na ya misitu, sasa inaitwa Land og skógur.

Mimi nilikuja na picha za setilaiti. Nilikuwa nimezipaka rangi vizuri, kijani penye mimea, kahawia penye udongo mtupu, na nilikuwa na vipande ishirini vya kupima, kila kimoja na kigingi chake cha mbao. Kwenye kipande cha tatu nikaweka fremu yangu ya mraba, nikaandika: udongo mtupu, asilimia 90. Mkulima alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema nipige magoti. Nikapiga. Akasema bado, shusha uso.

Pua yangu ilipokaribia kugusa ardhi ndipo nikaona. Ule weusi ulikuwa gamba, jembamba kama ukoko wa uji uliopoa, limefumwa kwa kuvumwani na viumbe vidogo ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja. Lilikuwa na nyufa. Ndani ya ufa mmoja ulisimama mche wa mbetula, una majani mawili, mdogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho. "Huu una miaka mitatu," akasema. Setilaiti yangu ilikuwa imeliandikia gamba lile cheti cha kifo, kumbe ndilo linaloshika mbegu na kuzuia mchanga usitembee. Nilirudi nikafuta vipande vitatu vizima, nikaanza upya. Fomu niliyopewa haikuwa hata na safu ya gamba, ikabidi niichore kwa kalamu.

Hapa niseme kidogo kuhusu kumwita. Mtu ana zaidi ya miaka sabini, ananifundisha, halafu natakiwa nimwite kwa jina lake la kwanza, kavu, kama tumesoma darasa moja. Ndivyo wanavyofanya wote, hata rais wao anaitwa hivyohivyo. Mdomo ulikubali, moyo ukakataa. Kimoyomoyo nilimwita Mzee, na humu nitamwita hivyo.

Siku moja Mzee alinipeleka Þjórsárdalur, bonde lililo magharibi ya Hekla. Kuna vilima vya ajabu huko, wanaviita rofabarð: visiwa vya udongo vilivyosalia, vimekatwa wima pembeni, majani yananing'inia juu kama upindo wa kofia. Pembeni yote ni changarawe. Ukikwangua ule ukuta kwa mwiko unasoma historia kuanzia chini kwenda juu. Kuna tabaka la majivu lililoanguka karibu na kuja kwa walowezi. Juu yake kuna tabaka nene jeupe la mwaka 1104, Hekla ilipolipuka na kuzika mashamba ya bonde hili. Ukilisugua linakwaruza kama chumvi ya mawe. Kitu kilichonishika ni udongo ulio katikati ya matabaka. Chini ya majivu ya walowezi ni wa kahawia, laini, umejijenga polepole. Juu yake unaanza kuwa na chembechembe za mchanga, na unajijenga haraka. Maana yake upande mwingine kulikuwa kunabomoka, upepo ukihamishia hapa. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote darasani. Kuyashika kwa kidole gumba ni habari nyingine.

Mpango wa sasa wa eneo hilo unaitwa Hekluskógar, na unalenga takriban hekta 90,000 kuzunguka Hekla. Hawajaribu kupanda kila mahali. Wanapanda vichaka vya mbetula na mierebi kama visiwa, kisha upepo uleule uliobomoa unatumwa kusambaza mbegu. Mti ukiwa mrefu, majivu yakianguka tena hayaufukii. Yanatulia miguuni pake badala ya kusafiri.

Kuhusu lupini, mmea wa kigeni wenye maua ya zambarau, sitasema mengi, maana nimeona watu wakinuniana mezani. Mbegu zililetwa kutoka Alaska mwaka 1945. Mmea unajitengenezea mbolea ya naitrojeni, unafunika mchanga haraka, na mwezi wa Juni nchi nzima inakuwa zambarau na watalii wanajilaza humo kupiga picha. Halafu unaingia kwenye mimea mifupi ya asili na kuifunika. Mzee anaupenda ukiwa mbali na matunda yake ya porini. Yeye hutumia marobota ya nyasi kavu zilizoharibika, zile ambazo kondoo hawazitaki, anazimwaga kwenye sehemu tupu na kuziacha zioze. Tangu mwaka 1990 kuna mpango wa serikali kusaidia wakulima kama yeye gharama za mbolea, wao wanatoa trekta, nguvu na siku zao. Mamia wameingia. Sehemu aliyoianza akiwa kijana sasa haina hata haja ya fremu yangu, unaiona kutoka barabarani.

Na yeye ni mfugaji wa kondoo! Hilo lilinisumbua, kwa sababu kwenye vitabu vyangu kondoo ndiye mshtakiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waliokuwa wakilishwa majira ya baridi walizidi 800,000. Sasa hawafiki 400,000. Septemba nilikwenda naye kuwakusanya, kazi wanayoiita réttir. Kondoo wanashushwa kutoka milimani hadi kwenye zizi la mviringo lililogawanywa kama vipande vya chungwa, kila shamba na kipande chake, alama ikiwa kwenye sikio. Unampanda kondoo kama baiskeli, unamshika pembe, unamsukuma. Niliangushwa mara nne. Lakini njiani, kabla ya zizi, Mzee alikuwa akininyooshea kidole: pale huwa wanakaa mvua ikitoka kusini, pale wanalala, kile kijito hawakivuki mpaka Agosti. Ramani yangu ilikuwa na rangi moja kwa malisho yote.

Kisha akauliza swali dogo: theluji inalala wapi kwenye vipande vyako? Sikujua. Sisi wa chuo huja Juni tukaondoka Septemba. Yeye anajua mahali theluji inapokaa kama blanketi na mche ukapona, na mahali upepo unapoifagia na baridi ikaushika mche uchi. Baridi ikishaingia kwenye udongo ule wenye maji, sindano za barafu huota kwenda juu na kuinua kila kilicho juu yake. "Vigingi vyako vitatembea," akasema. Nilivigonga tena kwa nyundo, nikaona vimesimama imara.

Nilirudi mwisho wa Aprili. Kati ya vigingi ishirini, kumi na kimoja vilikuwa vimelala chini, vingine hatua mbili kutoka kwenye shimo lake. Pale penye gamba jeusi, saba kati ya vinane vilikuwa vimesimama. Mzee hakusema kitu. Alifungua nyuma ya pikapu, akatoa fungu la nondo za uzio wa zamani, ndefu kama mguu wangu, akanipa nyundo kubwa. Yeye akashika nondo, mimi nikagonga.