Mazoea yana tabu, hata Wakorea wanajua

Tamthilia za Kikorea nilianza kuangalia kwa kulazimishwa na wadogo zangu, sasa hivi wao ndo wananiambia dada zima tulale. Kuna neno wanalo wale watu, jeong. Nikadhani ni mapenzi, kumbe siyo, mapenzi yanaweza kukukuta ghafla tu kituoni Mwenge unagombania daladala, jeong inataka muda, wenyewe wanasema imeingia, na huwezi kujua iliingia lini. Ukishamchoka mtu kabisa wanasema imedondoka.

Kilichonimaliza ni kwamba ziko mbili, ya kupendana na ya kuchukiana, hii ya pili wanaiita miun jeong, yaani mtu anakukera miaka na miaka halafu kero hiyo hiyo ndo inawafunga pamoja. Nikamkumbuka Mama Vitumbua.

Tumepanga nyumba moja Mwananyamala miaka sita, luku moja. Umeme ukikata tu ni ugomvi, yeye ana friji mi nina pasi na feni lakini kwenye kuchanga eti tuko sawa! Saa kumi alfajiri anagonga upawa kwenye ndoo ya unga, kwa kwa kwa, chini ya dirisha langu kabisa, nikilalamika ananijibu "we binti lala, mwenye shida halali." Ila saa moja nikifungua mlango nakuta kisahani kimefunikwa na bakuli, vitumbua vitatu. Nalipa viwili. Cha tatu hatujawahi kukiongelea. Wakorea nao muuzaji akikuongezea sokoni wanaita deom, na wana msemo kwamba ukimpa mtu kimoja tu basi huna jeong.

Halafu Mkorea hata awe mtoto pekee anasema mama yetu, uri eomma, watu wanashangaa mitandaoni, mi naona kawaida tu, hapa mtu kazaliwa peke yake na bado anasema naenda nyumbani kwetu.

Mama Vitumbua kahama mwezi wa tatu, kajenga Chanika. Siku anapakia vitu kwenye kirikuu tukagombana tena, eti nimeficha ndoo yake (ninayo kweli, niliazima nikafulia). Sasa saa kumi naamka mwenyewe, kimyaaa, nakaa kitandani nasikiliza dirisha.

Ndoo nimeshaiosha. Jumapili nampelekea.