Kilo 64, na gi ikiwa mwilini

Saa 10 na nusu alfajiri niko mwaloni Kibirizi, Kigoma. Mitumbwi inarudi, taa zinazimwa moja moja, na sisi wabebaji tunaingia majini mpaka magotini kupokea dagaa. Ukisema kazi yako ni kubeba, mtu anakuangalia kama uliyeshindwa shule. Sawa. Ila aje yeye na beseni la dagaa wabichi kichwani, mchanga unateleza, nyuma yake mama mwenye mali anapiga kelele "usinimwagie!"

Saa 1 bado sijanywa chai. Hela ninayo. Ila zimebaki siku 9 niende Dar kwenye mashindano yangu ya kwanza ya jiujitsu ya Kibrazili, treni zaidi ya kilomita 1,200, na nimejiandikisha uzito usiozidi kilo 64. Unapimwa siku hiyohiyo, muda mfupi kabla ya kucheza, ukiwa na gi mwilini, yaani koti na suruali ya mchezo. Ukizidi umetoka. Gi yangu ikiwa kavu ni kilo 1.5 hivi, kwa hiyo mimi mwenyewe natakiwa 62 na ushee.

Saa 2 nikapanda mizani ya tajiri mmoja: 61. Nikataka kukimbilia chapati. Kwa tahadhari nikapanda na ya mama wa dagaa wakavu: 65. Tajiri yule ananunua, mama huyu anauza. Nikachukua katikati, 63, chapati nikaiacha.

Halafu akaja mteja wa magunia 6 ya kupeleka stesheni. Tukapatana 1,000 kwa gunia mpaka juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nimeshapandisha manne, akasema, "Shusha."

"Bosi, nimeshapanga."

"Shusha, nataka kuyapima upya."

Nikashusha. Akapima, akafungua, akachota dagaa kiganjani, akawanusa, akapiga simu. Jua limeshapanda. Nikapandisha. Akagundua gunia lenye alama yake limekaa chini, analitaka juu. Nikashusha tena. Mwisho akanipa 4,000, eti mawili nimesaidiwa na dereva. Dereva alishika kona moja ya gunia moja! Mwalimu wetu wa jiujitsu anasema mtu akikukalia kifuani ameshapata pointi 4 zake, sasa wewe pumua kwanza, hasira haimtoi. Nikapumua. Elfu mbili yangu haikurudi.

Mchana siukumbuki vizuri. Nilibeba, nikakaa kivulini, nikabeba.

Jioni nikapanda mtaa wa Mwanga mazoezini. Tunafanyia juu ya sponji zilizofunikwa turubai. Mtaani wanasema ni karate, wengine mieleka, na mama mmoja jirani anaamini tunafundishwa ujambazi. Hatupigani ngumi. Tunashikana, tunaangushana, na aliyebanwa akipiga mkono chini mara mbili anaachiwa hapohapo. Mkanda mweupe, yaani sisi wanaoanza, pambano ni dakika 5. Kumwangusha mtu pointi 2, kuipita miguu yake 3. Nilichokuwa nakipenda ni kumrukia mtu na kumfunga miguu kiunoni, kumbe kwa mkanda mweupe ni marufuku mashindanoni. Wiki ya tatu hii nafundishwa kuacha kuruka.

Kwenye kushika sifundishwi. Leo nilimkamata kola dereva wa bodaboda mwenye kilo 80, akahangaika, akachoka, akasema, "Kaka, vidole vyako vya chuma?" Ni vya magunia. Akaongeza, "Lakini unanuka dagaa." Hilo nalo kweli, sabuni imeshindwa.

Nyumbani mke wangu ameunga migebuka kwa mawese. Mtihani huo!

"Ukishinda wanakupa shilingi ngapi?"

"Medali."

Akaniangalia, akasogeza sahani ya ugali upande wake, mimi akaniachia mchuzi na mkia wa samaki.

Gi nimeianika chumbani. Uani majirani wameanika dagaa.