Paa la tao bila mbao: limeshika jamani!

Nusu ya paa la stoo imefunga juu na haijadondoka, chini yake hakuna hata ubao mmoja, na leo asubuhi nimeikuta vilevile!!

Mchoro haukuwa tabu. Toka Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza, 1675, inajulikana kwamba cheni ikining'inia halafu ukaigeuza juu chini unapata tao ambalo mzigo wote unashuka kwa kukandamiza, na tofali bichi linakubali kukandamizwa, kuvutwa halitaki kabisa. Nikaning'iniza cheni ukutani, nikaifuatisha kwa mkaa, basi.

Ila nadharia ya Hooke ni ya tao ambalo limeshafunga. Haikwambii ufanyeje wakati tofali la karibu na juu halijakutana na mwenzake wa upande wa pili na linateleza taratiiibu mkononi mwako huku tope linakuchuruzika mpaka kwapani. Hapo ndipo palipotutesa. Tope zito, linateleza. Tope laini, ndo kabisa. Fundi akaniambia "bosi, tupige mbao tu", sasa mbao ya nini wakati paa lote hili ni la kukwepa bei ya mbao?

Dawa iko kwa mafundi wa Kinubi kule Aswan, kusini mwa Misri, wale ambao msanifu majengo wa Misri Hassan Fathy aliwafuata miaka ya 1940 baada ya mapaa yake kuporomoka. Kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, hawaisimamishi wima, wanailaza iegemee ukuta wa nyuma, kwa hiyo kila kozi inaibeba inayofuata kabla haijafunga. Na tofali lao ni jembamba, sentimita 5, lina majani mengi liwe jepesi, na usoni linachorwa mifereji kwa vidole lingali bichi ili tope ling'ang'anie. Tumefyatua mapya ya hivyo. Unabandika, unakandamiza kidogo, unaachia, linabaki!

Na wazee wale cheni hawakuwa nayo, walibandika tope ukutani wakalichonga kwa tezo, tao likatoka kwa jicho tu. Namheshimu sana fundi wa namna hiyo. Pima maji hapa haina kazi, chukua kamba na tezo.

Ratiba ilisema sasa ni plasta ya chokaa. Itasubiri, maana nimeangalia picha za ule uwanja wa kriketi wa Gahanga, Kigali, uliofunguliwa 2017, mapaa ya vigae vyembamba vya udongo na saruji, na tayari nimeanza kuchonga kibao cha kufyatulia kigae. Mwenye uwiano wa saruji uliomkubalia kwa udongo mwekundu wa Dodoma aniambie, nafyatua Jumamosi.